Mzee Aliyeachiwa Mabegi

Pale hospitali, kwenye kitengo cha dharura, manesi wote wanawake waliitwa sista, lakini ukisema Sista peke yake watu walijua unamsema nani. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, saa ndogo imening'inia kifuani na viatu vyeupe visivyojua tope. Walevi walioletwa wamepasuka vichwa waliweza kumtukana daktari hadi wakachoka, ila Sista akitokeza mlangoni walijilaza kitandani wenyewe na kunyoosha mkono wa kuchomwa sindano.

Kazi ile ilimpa heshima, ikamnyang'anya utulivu. Kwa miaka mingi alikuwa amepokea watu walioanguka, walioungua, walionaswa vidole kwenye milango ya magari, mpaka macho yake yakawa hayaoni tena vitu kama vilivyo. Akiona ngazi, aliona nyonga iliyovunjika. Akiona mtoto anakula karanga huku anakimbia, aliona koo lililoziba. Nyumbani kwake mikono ya sufuria ilielekezwa ukutani, visu vilikaa juu ya kabati, na bafuni kulitandikwa mpira wa kuzuia kuteleza hata pale pasipolowa maji. Mume wake, mwalimu wa shule ya udereva, mtu mpole mwenye masihara ya chini chini, aliwapokea wageni kwa kuwaambia, "Karibuni ndani, ila mfunge mikanda."

Baba yake Sista alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza juu. Alikuwa mwendesha kreni, zile ndefu za ujenzi zinazosimama katikati ya jengo, na chumba cha dereva kiko huko unakoinua kichwa mpaka shingo inauma. Asubuhi alipanda ngazi za chuma na chupa yake ya chai mgongoni, jioni akashuka. Mafundi wenzake walimpa jina la Kunguru. Walisema ni kwa sababu ya kukaa juu, na pia kwa sababu ya kelele, maana aliimba kutwa nzima na sauti yake iliwafikia waliokuwa chini wakimwaga zege.

Alipostaafu alikuwa na presha, lakini haikuwa ya kutisha. Aliishi na mkewe kwenye nyumba yao ndogo, akipanda darini na juu ya bati kila alipopata kisingizio. Kisha mkewe akafariki. Mzee akabaki katika vyumba viwili vilivyokuwa vimezoea sauti ya watu wawili. Sista alikwenda akamkuta anakula mkate mkavu akiwa amesimama jikoni, hajakaa hata kwenye kiti. Siku hiyo hiyo akamfungia nguo na kumhamishia kwake.

Wajukuu walifurahi kupita kiasi. Wa kwanza alikuwa msichana aliyekuwa ndio anaingia utu uzima, mwenye maneno machache na kitabu mkononi. Wa pili alikuwa mvulana mdogo, mtoto wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda. Babu aliwafundisha kufunga mafundo ya kamba yasiyofunguka, na polepole sauti yake ikaanza kusikika tena bafuni, akiimba nyimbo zake za zamani nusu ya maneno ameyasahau.

Sista naye alimtunza kwa namna aliyoijua. Alimpima presha asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula. Alimpangia dawa kwenye kikopo chenye vyumba vidogo. Chumvi aliiondoa mezani. Siku moja alirudi kazini akamkuta juu ya paa anagongelea bati lililokuwa linapiga kelele upepo ukivuma. 

"Baba, shuka."

"Nashuka, mwanangu. Nimalizie msumari huu."

"Baba, nimesema shuka sasa hivi."

Alishuka, msumari haukumaliziwa, na ngazi ikafungiwa stoo.

Wazo la likizo lilitoka kwa mume. Aliona mzee anashinda ndani, anatazama barabara kutoka dirishani kama mtu aliyechelewa basi. "Tumtoe mzee," alimwambia mkewe. "Watoto wanafunga shule. Twende wote kule kwenye bustani ya burudani, tukae siku kadhaa, tuone na vitu vingine vya karibu. Atachangamka." Sista alikubali, na akikubali jambo hulifanya mpaka mwisho. Alichagua nyumba ya wageni isiyo na ghorofa ili kusiwe na ngazi. Alibeba mashine ya kupimia presha, bandeji, dawa ya kuungua na dawa ya kuharisha. Mume wake akamuuliza kama kitanda cha hospitali kitafuata nyuma kwa lori.

Kwa hiyo ieleweke tangu mwanzo kwamba safari ile ilikuwa ya mzee. Ndiyo maana baadaye ilimuuma Sista zaidi.

Bustani yenyewe ilionekana kabla hujafika. Kwanza ulionekana mgongo wa rola kosta, ile treni ya kupanda na kuporomoka, vyuma vyekundu vilivyojikunja juu ya miti. Halafu likatokea gurudumu kubwa, jeupe, vibanda vyake vinazunguka taratibu. Kitinda alipiga kelele mpaka baba yake akaomba masikio yake yarudishwe.  Babu aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha gari na kulitazama gurudumu lile mpaka barabara ikapinda.

Getini walifungwa utepe wa karatasi mkononi, kila mtu wake, ambao ungewaruhusu kuingia na kupanda kila kitu kwa siku zote walizokuwa pale. Babu naye alifungwa. Aliuzungusha kwenye kifundo cha mkono wake mkavu akiuangalia.

"Na mimi naanza na lile gurudumu?" aliuliza.

"Baba, ile si yako," Sista alijibu, huku anampaka Kitinda mafuta ya jua. "Una presha. Kule juu ukizidiwa hakuna wa kukusaidia."

"Lenyewe linakwenda polepole."

"Kesho tutaona. Leo kaa hapa kwenye kivuli, utushikie mabegi."

Akampatia benchi zuri, lenye kivuli, karibu na mahali pa kuuzia aiskrimu. Akamwekea chupa ya maji na kofia. Kisha familia ikaanza kumrundikia vitu. Begi la nguo za kubadilisha, viatu vya Kitinda, miwani ya mkwe wake asije akaipoteza kwenye magari ya kugongana, sweta, mfuko wa bisi ulioliwa nusu. Kila waliporudi walimwachia kitu na kuchukua kingine.

"Nimekuwa stoo," mzee aliwaambia wajukuu, wakacheka, na yeye akacheka.

Kesho yake ilikuwa bustani ya maji. Kule alishika mataulo. Jioni walikwenda kwenye jumba la samaki, ambako njia inapita chini ya maji na papa wanaogelea juu ya kichwa chako nyuma ya kioo. Pale mzee alichangamka kidogo. Alisimama na Kitinda mkono kwa mkono, akamwonyesha jinsi vipande vya kioo vilivyounganishwa, akamwambia kuwa siku vilipokuwa vinashushwa kwa kamba za kreni, chini walikuwa wamesimama watu wameshika roho mkononi. Sista alikuwa nyuma yao. Alisikia, akatabasamu, halafu akakumbuka sakafu ina unyevu, akawaambia watembee karibu na ukuta.

Ile "kesho tutaona" ilipita bila kuonwa. Mume alijaribu kumkumbusha usiku ule chumbani.

"Muache mzee apande mara moja. Mimi nitakaa naye."

"Wewe hujui ninayoyaona kazini."

"Kazini kwako hawaji waliopanda wakafurahi wakarudi nyumbani. Wale huwaoni."

Sista alizima taa. Alikuwa na tabia ya kuzima taa mazungumzo yakimshinda.

Siku ya tatu walirudi kwenye bustani kubwa, maana watoto walikuwa bado hawajapanda boti zinazoporomoka kutoka juu na kurusha maji. Mzee akakabidhiwa benchi lile lile na mabegi yale yale. Safari hii hakuuliza kitu. Foleni ya boti ilikuwa ndefu, inajikunjakunja kama utumbo, na jua lilikuwa kali. Walisimama muda mrefu, wakapanda, wakalowa, wakarudi wanacheka huku nguo zinawagandia mwilini.

Mabegi yalikuwepo. Mzee hakuwepo.

Juu ya benchi alikuwa amekaa mama mmoja mfagiaji wa bustani, amepumzisha ufagio wake, mkono mmoja juu ya begi. "Kaniambia nimwangalizie kidogo," alisema. "Kasema anarudi." Sista hakungoja kusikia zaidi. Roho ilikuwa imeshamtoka. Kichwani mwake mzee alikuwa tayari ameanguka chooni, amelala kifudifudi, watu wanampita. Alimtuma mume huku na binti kule, yeye mwenyewe akakimbilia chumba cha huduma ya kwanza, kisha vyooni, kisha getini. Aliwaomba wamtangaze kwenye vipaza sauti. Nguo zilikuwa zinamchuruzika maji, kitambaa cha njano kichwani kimelegea, na watu walikuwa wanampisha njia kama anavyopishwa mtu aliyefiwa.

Alimpata chini ya gurudumu kubwa. Kibanda kilikuwa ndio kinafika chini, na kijana wa zamu alikuwa anafungua mlango. Mzee alitoka peke yake, kofia mkononi, nywele chache alizonazo zimesimama kwa upepo. Sista alikuwa hajauona uso ule tangu mama yake afariki. Pengine hata kabla ya hapo. Ulikuwa uso wa mtu aliyetoka mahali pake.

"Mwanangu," alisema alipomwona, sauti yake imejaa, "nimewaona toka juu, mzunguko wa kwanza kabisa. Mlikuwa kwenye foleni ya boti, wewe na hicho kitambaa chako cha njano. Nimekupungia mkono, hata huangalii."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Sista alikuja kuirudia dakika ile mara nyingi katika maisha yake, akiwa anatandika kitanda cha mgonjwa, akiwa anamenya viazi, na kila mara alijipa maneno mengine ya kusema. Angeweza kusema, ulionaje? Angeweza hata kulia tu. Lakini hofu iliyokuwa imemkimbiza bustani nzima haikuwa na pa kwenda, ikageuka hasira.

"Baba, una akili kweli?" alisema. "Nakuuliza. Nimezunguka hapa kama kichaa. Ungefia huko juu nani angekushusha? Mimi nimekuja na watoto wawili, sikuja na watatu. Umeambiwa kaa ulinde mabegi. Kazi gani ngumu hiyo? Hata Kitinda angeiweza."

Watu waliokuwa kwenye foleni ya gurudumu waligeuka kutazama. Mmoja akacheka kidogo, kile kicheko cha aibu. Msichana mdogo akamuuliza mama yake babu yule amefanya nini. Kijana wa zamu aliinama akajifanya anakagua komeo.

Sista hakuona. Alikuwa ameshamshika mzee kifundo cha mkono, pale pale penye utepe wa karatasi, ameinua saa ya kifuani, ambayo hata likizo hakuivua, na kuanza kuhesabu mapigo. Yalikuwa yanakwenda taratibu, moja baada ya jingine, kama ya mtu aliyetoka usingizini. Yaliyokuwa yanakwenda mbio ni ya kwake mwenyewe. Aliliona hilo, na hakulisema.

Mzee alisubiri mpaka akaachiwa mkono. Ule mwanga usoni ulikuwa umeshaondoka.

"Samahani, Sista," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Maisha yote alimwita mwanangu, au kwa jina lake la utotoni. Hakulisema kwa kejeli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alilisema kama wanavyolisema wazee wa wodini wanapokutwa wameshuka kitandani bila ruhusa.

Jioni ile, mezani, Kitinda alikuwa na maswali mengi. "Babu, uliona nini kule juu? Uliona nyumbani?"

"Niliona kawaida tu," mzee alijibu. "Kula chakula chako."

Siku ya mwisho ilikuwa ya kutembelea mnara wa kutazamia mji, mwendo mfupi kwa gari kutoka bustanini. Ulikuwa na lifti mpaka juu, na ukumbi wenye kioo pande zote. Sista hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa ameamua kulipa deni lake bila kulitaja. Alimsogelea mzee nje ya nyumba ya wageni, akamrekebisha kola.

"Baba, leo tunapanda wote. Kuna lifti. Na wewe utupeleke, utuonyeshe."

"Nendeni tu," mzee alisema kwa upole. "Miguu imechoka. Nitawangoja kwenye gari."

"Si unapenda juu?"

"Nilipenda."

Alimbembeleza. Binti naye akambembeleza. Mkwe wake akamwambia, "Baba, twende, mimi mwenyewe naogopa, nani atanishika?" Mzee akacheka kwa adabu na kubaki kwenye gari. Sista alipanda na wengine. Kule juu watoto walikimbia kutoka kioo hadi kioo, na yeye akatafuta uwanja wa magari huko chini mpaka akaliona la kwao. Aliona paa tu. Alisimama analitazama paa lile mpaka mume akaja kumwambia kwamba muda wao umekwisha.

Waliporudi nyumbani, mzee akawa mgonjwa mzuri.

Mwanzoni Sista aliona ni nafuu. Dawa zilimezwa kwa wakati bila kusukumwa. Mkono wa kupimwa presha ulinyooshwa kabla hajaomba. Kulikuwa hakuna tena kupanda paa wala kuchungulia darini, wala kubishana kuhusu chumvi. Taa ya jikoni ilipoungua mzee alikaa gizani kwenye kiti, akingoja mkwe wake arudi aibadilishe. Halafu akaanza kuomba ruhusa. "Sista, naweza kwenda dukani?" "Sista, nikae nje kidogo?" Aliuliza vizuri, bila kununa, na akikataliwa alisema sawa. Sista alianza kuogopa yale maswali kuliko alivyoogopa ngazi.

"Hivi umeona baba haimbi tena?" mume alimuuliza siku moja, wakiwa wanakunja nguo.

"Amezeeka."

"Alizeeka lini? Mbona wiki ile tunaondoka alikuwa hajazeeka?"

Sista akaendelea kukunja. Shati alilokuwa nalo alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Siku moja alijaribu. Alimpelekea chai, akaketi mkabala naye, na maneno ambayo alikuwa ameyapanga tangu kazini yakamkwama. "Baba, siku ile..." alianza.

"Siku ipi?"

"Tulipokwenda likizo."

"Ah. Likizo ilikuwa nzuri," mzee alisema. "Watoto walifurahi sana." Akapuliza chai yake, akainywa, akashukuru. Ni kama mlango ulikuwa umefungwa kwa upole kiasi kwamba huwezi hata kulalamika.

Mwaka uliofuata shule zilipofunga, mume akataja safari nyingine. Mzee alisema wao waende, yeye atabaki kulinda nyumba. Hawakwenda.

Aliyemfungua Sista macho ni binti yake, na wala hakukusudia. Walikuwa jikoni wawili, binti anaosha vyombo na mama anafuta, na mazungumzo yakaangukia kwenye picha za bibi. Binti akasema, kama mtu anayesema jambo linalojulikana, "Ndiyo maana babu alitaka kupanda lile gurudumu."

"Maana gani?"

"Kwa ajili ya bibi. Mama, hujui?"

Hakujua. Binti akakausha mikono na kumsimulia, kama babu alivyomsimulia yeye ndani ya gari siku ile ya mnara, alipokuwa ameshuka mapema kufuata sweta. Zamani, babu akiwa kazini, bibi alikuwa anampelekea chakula cha mchana. Babu alikuwa anateremsha kamba ndefu yenye ndoo, bibi anaweka chakula ndani, ndoo inapanda. Na kila siku bibi alikuwa anapiga kelele kutoka chini, lini utanipandisha na mimi nione unachokiona? Kazini sheria ilikataza. Babu akamwahidi kwamba atakapostaafu atampeleka kwenye gurudumu ambalo yeyote anaruhusiwa kupanda. Walipanga mwaka huu, wakapanga mwaka ujao, kisha bibi akaanza kuumwa.

"Alimwomba yule kijana asimwekee mtu pembeni yake," binti alisema. "Alitaka kiti kile kibaki wazi. Akasema alimwonyesha bibi kila kitu. Alimwonyesha hata sisi, tukiwa kwenye foleni."

Sista aliketi kwenye kigoda cha jikoni, taulo la vyombo mapajani. Alikumbuka sauti yake mwenyewe chini ya gurudumu lile, mbele za watu. Sikuja na watatu. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza hatimaye.

"Nilidhani unajua na bado umekasirika."

Hilo lilimchoma kuliko yote.

Alimkuta mzee nje, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamenya karanga kwenye bakuli. Safari hii hakupanga maneno. Alichutama mbele yake, mikono juu ya magoti ya baba yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu utotoni.

"Baba, nilikukosea," alisema. "Pale kwenye gurudumu. Nilikutukana mbele ya watu, na ulikuwa na mama."

Mikono ya mzee ilisimama. 

"Nilikusamehe pale pale, ukiwa bado unasema," mzee alisema. "Niliona umeogopa. Mtu akiogopa hujui atasema nini. Na mama yako angenicheka sana, kukimbia benchi kama mtoto wa shule."

"Sasa mbona umebadilika hivi?"

Mzee alilifikiria swali lile kwa haki. "Sijui, mwanangu. Sijakuwekea kinyongo, naapa. Ila nilishuka siku ile nikajiona kama ulivyoniona wewe. Mzee, mzigo, anatafutwa kwenye vipaza sauti. Nikisimama sasa nataka kufanya kitu, najiona hivyo hivyo. Nakaa." Akachukua karanga nyingine. "Si kosa lako. Ni kitu kilikatika tu."

Sista alimwambia kuwa atamrudisha kule. Wiki ijayo, kesho akitaka, atapanda mara zote anazotaka. Mzee akampigapiga mkono.

"Ile ilikuwa mara moja," alisema. "Nilishampeleka."

Waliishi pamoja miaka mingine michache, na isije ikadhaniwa kwamba ilikuwa miaka mibaya. Lile jina la Sista aliliacha, akarudi kwenye mwanangu. Walizoea kukaa nje jioni, na Sista akajifunza kuuliza maswali na kunyamaza ajibiwe. Alirudisha chumvi kidogo mezani. Alitoa ngazi stoo na kuiegemeza ukutani, makusudi, mahali pa kuonekana. Mzee alipita karibu nayo kila siku akienda bustanini kumwagilia mboga, na hakuigusa.

Kazini pia alibadilika, ingawa hakumweleza mtu. Alipoletewa wazee walioanguka kwenye miti na mapaa, na nyuma yao mabinti na watoto wa kiume wanafoka, si nilikwambia, si nilikukataza, Sista aliwatoa wale wenye afya nje ya pazia. Kisha alimgeukia mzee, akamfunga mguu, na kumuuliza taratibu alikuwa anafuata nini huko juu. Wengi waliona haya. Wengine walimweleza, na alisikiliza mpaka mwisho hata foleni ikiwa imefika nje.

Mzee alifariki kitandani, mchana, kwa moyo kuchoka. Presha yake ya asubuhi ilikuwa nzuri.

Kwenye msiba walikuja watu ambao Sista hakuwahi kuwaona. Walikuwa mafundi wa zamani, wengine wamepinda migongo, mmoja hana vidole viwili, wamevaa makoti yao ya heshima. Walikaa pamoja uani kwenye viti vya kuazima, na baada ya muda wakaanza kusimulia. Jinsi Kunguru alivyokataa kushuka siku ya mvua mpaka msimamizi akaomba radhi kwa kumwonea kijana mmoja, saidia fundi. Jinsi alivyofukuzwa kazi mara mbili kwa ubishi na kurudishwa mara mbili kwa kuwa hakuna aliyeweza ile kreni. Jinsi alivyowajibu wakubwa akiwa juu, akijua hakuna atakayethubutu kupanda kumfuata. Walicheka mpaka wakafuta macho.

Sista alikuwa anawapitishia chai. Yule asiye na vidole viwili akapokea kikombe na kumsogezea kiti.

"Wewe ndiye binti aliyekaa naye," alisema. "Tuambie basi. Huku uzeeni alikuwaje? Maana kule kwetu alitutesa."

Sista alitafuta neno, na lililokuja lilikuwa moja tu.

"Alikuwa mtiifu," alisema.

Wazee walitazamana. "Mtiifu?" mmoja akauliza. "Kunguru huyu huyu?" Wakaangua kicheko, wakadhani ni mzaha mzuri kuliko yote ya siku ile, na mmoja akampiga mwenzake begani akilirudia neno lile. Sista alicheka nao kwa kuwa wageni walikuwa wanamtazama. Kisha akachukua trei, akawaambia anakuja na sukari, akaingia jikoni na kusimama mbele ya sinki, maji yanatiririka, mpaka binti yake akaja kufunga bomba.